Arctg iko fasi gani? Uhakiki wa kikokotoo cha kompyuta



“Yaya, arctg iko fasi gani humu?” Swali hilo wadogo wananiuliza kila mwaka, zaidi sana wakati wa kumaliza kazi zao za mwisho wa masomo. Na mwenye kuuliza si mvivu. Trigonometria anaijua. Amechora pembetatu yake, ameweka vipimo, amefika kwenye mstari wa mwisho: tg α = 0,3. Kilichobaki ni pembe yenyewe. Anafungua kikokotoo cha kompyuta (wengine wanasema mashini ya hesabu, wengine kalkilatrisi, ni kitu kimoja), anatafuta neno arc, halipo. Anabonyeza tan, inatoka 0,005 na kitu. Hapo njo anaita yaya.

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, filamu na nyimbo. Leo nataka kuhakiki programu. Kikokotoo cha Windows kimetumiwa na watu wengi kuliko vitabu vingi tunavyovisifu hapa, na hakuna anayekaa chini kusema ni kizuri wapi na ni kibaya wapi. Hoja yangu ni hii: kwa kuhesabu, programu hiyo ni sahihi kabisa. Lakini fonksioni za kinyume imezificha nyuma ya milango mitatu, na hakuna hata mlango mmoja wenye kuandikwa jina lake. Na hata ukishaingia, kuna mambo mawili isiyokuambia, ambayo yanaweza kukuharibia kazi.

Tukumbushane kwanza tunatafuta nini. Sin, cos na tg zinapokea pembe na kukurudishia uwiano. Fonksioni za kinyume zinafanya safari ya kurudi: unazipa uwiano, zinakupa pembe. Chukua paa la mabati. Kutoka juu ya ukuta hadi chini ya kilele, kwa kulala, ni mita 4. Paa limepanda mita 1,20. Gawanya 1,20 kwa 4, unapata 0,3. Huo ni uwiano, fundi anaweza kujenga nao. Lakini kama kazi inakuuliza mwinamo wa paa ni digrii ngapi, lazima upitie arctg: arctg ya 0,3 ni digrii 16,70. Chukua na paneli ya jua, ambazo siku hizi ziko juu ya nyumba nyingi. Sisi tuko karibu digrii 11 kusini ya ikweta, na desturi ya mafundi ni kuinamisha paneli kwa kiasi kinachokaribia latitudo ya mahali, uso wake ukitazama kaskazini. Paneli ya urefu wa mita 1, ukiiinua upande mmoja sentimita 19, imeinama kiasi gani? Arcsin ya 0,19, yaani digrii 10,95. Fundi wako amefanya vizuri. Bila arcsin ungemwamini tu.

Sasa tuingie kwenye programu. Kikokotoo cha Windows cha siku hizi, 10 na 11, kinaweza kufunguka kikiwa cha kawaida: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Mlango wa kwanza ni ile alama ya mistari mitatu upande wa kushoto juu. Ukiibonyeza, unachagua kile cha kisayansi. Mlango wa pili: sin na cos hazioneki kati ya vitufe vya namba. Zimekusanywa ndani ya menyu ndogo ya trigonometria, juu ya vitufe. Unaifungua, unakuta sin, cos, tan na wenzao sec, csc, cot. Kinyume bado hakuna. Mlango wa tatu uko ndani ya menyu hiyohiyo: kitufe kilichoandikwa 2nd. Ukikigusa, sin inageuka sin⁻¹, tan inageuka tan⁻¹. Umefika.

Mbaya zaidi ni hapa: vitufe vya 2nd viko viwili. Kimoja kiko ndani ya menyu ya trigonometria, kingine kiko nje, pamoja na vitufe vya namba. Kile cha nje kinageuza x² kuwa x³ na ndugu zake, trigonometria hakiigusi. Mwanafunzi akisikia “bonyeza 2nd”, anabonyeza kile anachokiona kwanza, yaani cha nje. Anaona vitufe vingine vinabadilika, tan haibadiliki. Anakata tamaa, anasema mashini hii haina arctg. Kusema kweli mimi simlaumu. Vitu viwili vyenye jina moja, kazi mbalimbali, kwenye skrini moja: kwenye kitabu tungesema mwandishi hakumfikiria msomaji.

Kuna na jambo la utaratibu. Kwenye kikokotoo hiki unaandika namba kwanza, kisha unabonyeza fonksioni. Unaandika 0,3, halafu tan⁻¹. Kwenye simu nyingi ni kinyume: fonksioni kwanza, namba baadaye, kama tunavyoandika ubaoni. Mwenye kuzoea simu anakuja kwenye kompyuta, anabonyeza tan⁻¹ kwanza, na mashini inahesabu arctg ya ile 0 iliyokuwa kwenye skrini. Jibu ni 0. Si kosa la hesabu, ni lugha mbili ambazo hazikuambiwa kuwa ni mbili.

Kwa haki niseme pia kwamba kuna njia ya mkato, tena nzuri, ila imefichwa kuliko milango yenyewe. Bonyeza Alt na 2, uko kwenye kisayansi. Bonyeza F3, uko kwenye digrii. Andika namba. Shift na S inakupa arcsin, Shift na O inakupa arccos, Shift na T inakupa arctg. Basi, kazi imekwisha bila kugusa menyu hata moja. Andika hizo kwenye karatasi, zibandike pembeni ya skrini.

Lakini kwa nini neno arc lilipotea? Hapa historia inasaidia. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kuingia mfukoni. Bei yake ilikuwa dola 395 za Marekani. Kwenye vitufe vyake, mbele ya sin, cos na tan, kulikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa arc. Ulibonyeza arc, halafu sin, ukapata arcsin. Jina la kwenye kitufe lilikuwa lilelile la kwenye daftari. Mwaka 1976 ikaja TI-30 ya Texas Instruments, ya bei ndogo, iliyoingia mashuleni, na kitufe chake kiliandikwa INV, yaani kinyume. Hiyo nayo bado ilisema kitu. Baadaye vitufe vikawa na kazi nyingi, na kimoja kikapewa jukumu la kufungua kazi ya pili ya kila kitufe: kwenye mashini moja kinaitwa SHIFT, kwenye nyingine 2nd. Jina lilitoka kwenye kusema unachofanya, likaenda kwenye kusema ni cha ngapi. Kwa mtengenezaji hiyo ni faida ya nafasi. Kwa mwanafunzi ni neno lililofutwa.

Na sisi wa Kongo tunaumia mara mbili. Masomo yetu yalifuata desturi ya Wabelgiji na Wafaransa: tunaandika tg, si tan, tunaandika arcsin na arctg, hatuandiki sin⁻¹. Mwanafunzi wetu amekaa miaka mbele ya ubao wenye arctg. Siku anafungua kompyuta, anakuta tan⁻¹. Na yeye amefundishwa, tena vizuri, kwamba x⁻¹ ni 1 gawanya kwa x. Kwa hiyo akili yake inamwambia: tan⁻¹ ni 1 gawanya kwa tan, ni kotanjenti, siyo ninachotafuta. Anaipita. Mwanafunzi huyo amefikiri sawasawa. Alama ndiyo iliyomdanganya.

Alama hiyo ina mwenyewe. Mwingereza John Herschel aliitumia mwaka 1813, na kwa fikra yake ilikuwa na mantiki: ile −1 ndogo inasema “rudisha kazi nyuma”, haisemi “gawanya”. Shida ni kwamba vitabu hivyohivyo vinaandika sin² α kwa maana ya sin α mara sin α. Basi kwenye sin², namba ndogo ya juu ni kuzidisha. Kwenye sin⁻¹, namba ndogo ya palepale si kuzidisha wala kugawanya. Jaribu uone: kwa digrii, sin⁻¹ ya 0,5 ni 30. Lakini 1 gawanya kwa sin ya 0,5 ni 114,59. Mbali kabisa. Na kikokotoo kina kitufe cha 1/x pia, kwa hiyo mtu anaweza kufika kwenye 114,59 kwa mkono safi, bila mashini kumpigia kelele. Kuandika arcsin kwenye kitufe kungetosha kuondoa mashaka yote. Herufi sita tu.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo programu haikuambii.

La kwanza ni kipimo cha pembe. Juu kushoto kuna herufi ndogo: DEG. Ukiigusa inakuwa RAD, ukiigusa tena inakuwa GRAD, halafu inarudi. Paa letu la 0,3 lina majibu matatu: digrii 16,70, radiani 0,29, gradi 18,55. Yote matatu ni kweli. Watu wengi wanaonya juu ya radiani. Mimi naona radiani haina hatari sana, kwa sababu 0,29 inajionyesha yenyewe: hakuna paa la digrii 0,29, kila mtu atashtuka. Hatari iko kwenye gradi. 18,55 inafanana kabisa na jibu zuri. Paa la digrii 18 lipo, na la digrii 16 lipo. Mwalimu atapita juu yake, wewe utapita juu yake, na itachapishwa hivyo.

Na msiseme gradi ni takataka, iondolewe. Hapana. Gradi ilizaliwa na mfumo wa metriki huko Ufaransa: pembe mraba ni 100, mduara mzima ni 400. Wapimaji wa ardhi wa desturi ya Kifaransa wanaitumia mpaka leo. Mwenzetu wa topografia akikaa kwenye kompyuta uliyoitumia asubuhi, ataweka GRAD, na ana haki. Wewe ukirudi saa nane, tazama zile herufi kabla ya kuandika namba. Ukitaka kupima haraka, tafuta arctg ya 1. Ikitoka 45, uko kwenye digrii. Ikitoka 50, uko kwenye gradi. Ikitoka 0,785, uko kwenye radiani.

La pili ni zito zaidi. Kikokotoo kinakupa pembe moja tu, hata pale ambapo ziko nyingi. Sin ya 30 ni 0,5, lakini sin ya 150 nayo ni 0,5. Ukiuliza arcsin ya 0,5 mashini inajibu 30, inanyamaza. Hiyo si kosa, ni mapatano ya hesabu: arcsin na arctg zinakaa kati ya −90 na 90, arccos inakaa kati ya 0 na 180. Nani ameandika mapatano hayo kwenye skrini? Hakuna.

Tuone inavyoweza kuuma. Unapima kiwanja. Kutoka jiwe A kwenda jiwe B unaelekea magharibi mita 40 na kusini mita 30. Umbali ni mita 50, pembetatu ile ya 3, 4, 5 tunaijua wote. Topografia inataka gisement, yaani mwelekeo unaohesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mwendo wa saa. Unachukua −40, unagawanya kwa −30, unapata 1,333. Unabonyeza tan⁻¹: digrii 53,13. Inaonekana nzuri. Lakini 53,13 ni kaskazini-mashariki! Alama mbili za kutoa ziliuana kwenye kugawanya, na mashini haikuziona kamwe. Mwelekeo wa kweli ni 53,13 kuongeza 180, yaani 233,13. Ukifuata jibu la mashini kutoka A, utachimbia jiwe B mita 50 upande wa pili, mita 100 mbali na fasi yake. Huenda ni ndani ya shamba la jirani. Na katika nchi yetu mnajua jiwe la mpaka likikosea linaleta maneno gani, tena ya miaka.

Dawa ipo, ila haimo kwenye kikokotoo. Excel ina ATAN2, inayopokea vipimo viwili kila kimoja na alama yake, kwa hiyo inajua uko robo gani ya mduara. Kwa gisement, ukiandika ATAN2(-30;-40), kaskazini kwanza, mashariki baadaye, inatoka kwa radiani. Geuza kuwa digrii, unapata −126,87. Ongeza 360, ni 233,13. Kikokotoo cha Windows hakina kitu kama hicho. Kwa programu yenye sec, csc na cot, ambazo mimi sijaona mtu akizitafuta, naona ni upungufu.

Sifa zake nazo nizitaje, uhakiki bila sifa ni ugomvi. Haitumii megabaiti zako, iko ndani ya mashini bila intaneti. Inahifadhi historia ya hesabu, kwa hiyo unaweza kuonyesha ulipopita. Ukiiuliza arcsin ya 2 inakataa, inakuambia ulichoingiza hakifai, na kukataa huko ni mwalimu mzuri: inakukumbusha kwamba hakuna pembe halisi yenye sin ya 2, umekosea vipimo mahali. Na kuanzia Machi 2019 Microsoft iliweka msimbo wake wazi kwenye GitHub, kwa leseni ya MIT. Maana yake ni nini? Wadogo wetu wa informatika wanaweza kusoma ndani yake jinsi arctg inavyofikiwa, na kupendekeza badiliko. Kuandika neno arc kwenye kitufe si ndoto ya watu wa mbali tu.

Kuna kitu kimoja wazee walikuwa nacho ambacho sisi tumekipoteza. Wao walitafuta kwenye vitabu vya jedwali. Safu moja pembe, safu nyingine tg. Kutaka tg, unasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kutaka arctg, unatafuta 0,3 kwenye safu ya tg na kusoma kurudi kushoto. Kitufe cha pili hakikuwepo, kwa sababu hakikuhitajika: kinyume kilikuwa ukurasa uleule uliosomwa kwa kurudi. Mtoto aliona kwa macho kwamba arctg si mnyama mpya. Siwaombi turudi kwenye jedwali, nani ana muda huo. Nawaomba walimu waonyeshe ukurasa mmoja wa namna hiyo, mara moja tu, kabla ya kufundisha kitufe. Na ubaoni waandike majina yote mawili, arctg na tan⁻¹, na alama ya usawa katikati.

Kwako mwanafunzi, kabla pembe haijaingia kwenye kazi yako, jiulize mambo matatu. Moja, irudishe: bonyeza tan juu ya jibu, uone kama 0,3 inarudi. Hii itakuonyesha kama ulitumia kitufe cha uongo au ulianza na fonksioni kabla ya namba. Mbili, pima kipimo kwa arctg ya 1, maana kurudisha hakutakuonyesha kosa la gradi: ukitoka kwa gradi na kurudi kwa gradi, 0,3 itarudi vizuri tu. Tatu, chora. Kurudisha hakutakuonyesha kosa la robo pia, kwa sababu tan ya 53,13 na tan ya 233,13 ni ileile. Mchoro wa penseli wenye kaskazini juu utakuambia B iko upande gani wa A, na hiyo hakuna kitufe kinachoijua isipokuwa wewe uliyesimama shambani.